Aliyeshika Miguu

Bakuli lilimpata Euphrasie juu ya jicho la kushoto. Halikuwa la plastiki kama mengine ya nyumba ile ya wazee. Lilikuwa la udongo mzito, mali ya Bibi Gannan mwenyewe, na ndani yake mlikuwa na uji wa mchele ambao Euphrasie alikuwa ameupuliza muda mrefu ili upoe. Kwanza alisikia mlio ndani ya kichwa, kisha uji ukamteremka shingoni, kisha damu. Na aliyelirusha ni ajuza wa miaka tisini na miwili, mwepesi wa kubebwa kwa mkono mmoja, ambaye kwa miezi saba hakuwa ameinua hata kijiko bila kusaidiwa.

"Usimtaje mtoto yule," Bibi Gannan alisema kwa Kiingereza. "Usimtaje huku unatabasamu."

Euphrasie alijishika paji la uso. Damu ilimshangaza kidogo; maneno yalimshangaza zaidi. Kwa miezi saba ajuza huyo alikuwa hasemi zaidi ya ndiyo na hapana, na kila mtu katika nyumba ile alishakubaliana kwamba uzee umemla akili.

Lynette alikuja mbio na pamba. Lynette ni muuguzi Mkenya aliyesimamia nyumba hiyo ya hapo New Hope, Minnesota, mwanamke wa kusema haraka na kutembea haraka zaidi. Aliliangalia jeraha, akapiga ulimi.

"Ulimfanyia nini, Mama Joyeuse?"

"Hakuna. Nilikuwa nasoma tu kitabu ya kanisa."

"Basi hiyo ni lazima tu-chart. Client ame-hit staff. Na wewe uwache kuhubiria watu wakikula."

Alimbandika plasta, akamwambia ikizidi kuvuja aende akashonwe, akaondoka. Euphrasie alipiga magoti kuokota vigae. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kupigwa hakukuwa kitu kigeni kwake. Alizaliwa Mwenga, kule Kivu, akakimbia risasi akiwa na sufuria moja kichwani, akakaa miaka kumi na mmoja katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na sasa alikuwa na mwaka wa saba Minnesota. Alichopata njiani ni lugha. Kilega alinyonya, Kifaransa alipigiwa shuleni, Kiswahili cha kwao alikua nacho, cha Tanzania akakijifunza kambini, na Kiingereza alikiokota kwa kuogesha wazee na kuwasikiliza wakilalamika. Wakongomani wa New Hope walimwita kwa daktari, kwa mwalimu wa shule, kwa mwenye nyumba. Naye alipenda kuitwa. Tuseme ukweli: alipenda sana, na alipenda maikrofoni kuliko inavyofaa.

Kwa maikrofoni hiyo ndiyo walimnasa.

Watu wa kanisa la Pumzi ya Kwanza walikuwa wakija kumtembelea Bibi Gannan kila Jumapili ya pili. Walileta mapeasi ndani ya boksi, kila moja limevishwa soksi ya sponji, wakainama hadi paji la uso likagusa zulia. Kanisa lao lilianzia Korea, wakati wa vita, na waanzilishi wake walikuwa mume na mke walioitwa Baba wa Pumzi na Mama wa Pumzi. Wote wawili walishakufa. Bibi Gannan alikuwa mdogo wake Mama wa Pumzi, wa tumbo moja, mtu pekee aliyebaki duniani aliyeona mwanzo kwa macho yake. Walitaka aseme mbele ya kamera. Yeye aligeukia ukuta hadi walipoondoka. Walisema maskini, amesahau. Mwalimu wao, kijana mpole wa Saint Paul aliyeitwa Han, akamgeukia Euphrasie na kumuuliza wale watu wa lugha yake wanasali wapi.

Haikupita nusu mwaka, Wakongomani arobaini walikuwa wanasali ndani ya ukumbi uliokuwa duka la mazulia, ubavuni mwa fundi wa matairi. Han alihubiri kwa Kiingereza na Euphrasie akasimama kando yake akigeuza kwa Kiswahili.

Sasa sikia kosa lenyewe, kwa sababu ni dogo na lilitosha. Kanisa hilo lina sala wanayoiita sala ya mikono. Siku ya kwanza Han alipoitaja, Euphrasie hakufikiri mara mbili. Akasema: kuwekewa mikono. Mkristo gani wa Kiswahili asiyejua kuwekewa mikono? Kiganja kichwani, mafuta kidogo, amina, urudi kwenye kiti chako. Arobaini wakaitikia amina.

Wa kwanza kuomba awekewe mikono alikuwa Onesphore, mwanamume mrefu wa Fizi aliyekuwa akipiga kelele usingizini hadi majirani wakaita polisi. Walimlaza kwenye mkeka wenye shuka jeupe. Ngoma ikaanza kupigwa, na wasaidizi wawili wakaanza kumpiga. Hawakutumia fimbo. Walimpiga kwa viganja vilivyo wazi, kifuani, mbavuni, tumboni, kwa zamu, kama watu wanaofua blanketi. Saa nzima. Euphrasie alisimama na maikrofoni mkononi akigeuza maneno ya Han: pepo anatoka, msiogope, pepo anatoka. Sauti ya nyama ikipigwa ilipita kwenye spika. Onesphore aliinuka akiwa anatetemeka na povu mdomoni, na alipoulizwa anajisikiaje, alisema, "Balinipiga wenye walinichukia. Acha banipige wenye bananipenda." Watu wakalia. Euphrasie pia alilia, akaligeuza kwa Kiingereza vizuri sana. Wiki nzima baadaye Onesphore alipumua kwa upande mmoja, akisema ameteleza kwenye barafu.

Siku ile Euphrasie alijua kwamba neno lake lilikuwa baya. Alijua, na hakulibadilisha. Angelibadilisha vipi? Angesema niliwaambia uongo, na nani angemwita tena? Akaendelea kusema kuwekewa mikono, hata katika karatasi aliyoigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, ile ambayo wazazi walitia sahihi ili watoto wao wanane wenye magonjwa na ukaidi wawekewe mikono Jumapili ya ukumbusho wa mwanzo wa kanisa.

Jina la kwanza katika karatasi hiyo lilikuwa la Joyeuse, binti yake.

Joyeuse alikuwa na miaka kumi na mmoja na kifafa. Kwa dawa alikaa miezi bila kuanguka. Lakini Mugisho, baba yake, alikuwa ameipeleka chupa ya dawa madhabahuni, akaiacha hapo kama alivyofundishwa. Mugisho si mtu mbaya, na ningependa angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi. Wanamgambo walimchapa kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, hadi mgongo ukabaki na mistari, akapona, na tangu hapo anaamini kwamba kinachouma kinatengeneza. Kazi ya baba katika sala hiyo ni moja: kukaa mwisho wa mkeka na kushika miguu ya mtoto, asirushe mateke.

Basi Jumanne ile, siku tano kabla ya ukumbusho, Euphrasie alikuwa amekaa kitandani kwa Bibi Gannan akimlisha kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ameshika kijitabu cha maisha ya waanzilishi, akikisoma kwa Kiingereza na kujizoeza kukigeuza kwa sauti. Alifika mahali ambapo mtoto wao Okja, miaka sita, anapaa mbinguni akitabasamu. Naye akatabasamu ili sauti itoke tamu. Hapo ndipo bakuli liliporuka.

Alipomaliza kufuta sakafu, alivuta kiti.

"Bibi, wewe unakumbuka," alisema.

"Nakumbuka kila kitu. Ndiyo adhabu yangu."

Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kuungaunga. Bibi Gannan alikipata kwa mumewe, askari wa Kiamerika aliyemleta Minnesota zaidi ya miaka hamsini iliyopita akafa akiwa bado hajui jina la kijiji chao. Lakini ajuza alisema polepole, akirudia, na Euphrasie alielewa yote.

Alianza na shemeji yake, Man-sok, yule wa kijitabuni mwenye nuru kichwani. Alikuwa mtoto wa mkulima wa shamba la kukodi, kaskazini, zamani za Wajapani. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Wajapani waliamuru kila mtu ainame mbele ya hekalu la mfalme wao, na mzee akakataa. Polisi hawakumgusa mzee. Walimchukua Man-sok, miaka kumi na mitano, wakamfunga kwenye benchi na kumpiga kwa gongo la mwaloni huku baba yake amekalishwa kwenye kiti, anatazama. Siku ya kwanza kijana alipiga kelele. Siku ya pili alijinyea. Siku ya tatu akaacha kusikia maumivu, akaona mwanga, na baba yake akainama.

"Kitabu kinasema siku ya tatu aliona mbingu," Bibi Gannan alisema. "Aliona mwanga kwa sababu walikuwa wamempiga kichwani. Na akajifunza kwamba mtu mzima anapindishwa kwa kumpiga mtoto wake. Hakumsamehe baba yake kwa kuinama. Mpaka anakufa, hakumsamehe."

Kisha dada yake, Sunim. Kijitabu kinasema Mama wa Pumzi alilelewa na wajane watakatifu. Wajane gani, ajuza aliuliza. Mama yao, wa Sunim na wa Gannan, alikuwa mganga wa pepo, mwenye kengele na kofia nyekundu. Alipotaka kumtoa mtu pepo, alimchapa kwa tawi la mpichi, tawi changa, na si kwa nguvu. Ilikuwa zaidi ngoma na kelele. Watu wa kanisa walikuja siku moja baada ya ibada wakampiga mawe mlangoni kwake. Alikufa baada ya wiki moja kwa jino lililovunjika na kuoza. Gannan alikuwa na miaka minane. Sunim, miaka kumi na minne, alichukua kengele akazitupa kisimani, akaenda kubatizwa kwa wale wale waliorusha mawe. Lakini tawi la mpichi alibaki nalo kichwani.

"Huyo akaolewa na yule," Bibi Gannan alisema. "Ukiuliza kanisa lenu limetoka wapi, limetoka hapo. Gongo la polisi lilioa tawi la mama yangu."

Ikaja vita, na wakakimbilia kusini, wakavuka mto ulioganda, watu maelfu juu ya barafu na mizigo vichwani. Ndege zikapita chini sana. Barafu ilipasuka kwa risasi na watu wakazama wakiwa wima, kofia zao zikabaki juu ya maji. Bibi mzaa baba wa Okja alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Risasi ilimpata bibi usoni. Okja alikaa amefungwa kwenye mgongo wa maiti tangu asubuhi hadi walipompata, na tangu siku hiyo akawa anaanguka, macho yanageuka, miguu inapiga.

"Kama binti yako," ajuza alisema. Euphrasie alikuwa amewahi kumsimulia, akidhani anausimulia ukuta.

Kule Pusan, mji wa bandari kusini, waliishi ndani ya kibanda cha maboksi na mabati ya makopo, kilimani, kati ya wakimbizi wengine. Man-sok aliwaombea wagonjwa na hakuna aliyepona. Watu walianza kumcheka: anawaombea wengine, na wake mwenyewe anaanguka? Mwezi wa pili, mwaka uliofuata, Okja alianguka mara nne kwa siku moja, na Man-sok akasema bibi yake aliyekufa amempanda, atatolewa. Walimlaza kwenye mkeka. Man-sok alipiga. Sunim aliimba, na alipochoka mume, alipiga mke. Na Gannan, miaka kumi na tisa, mwenye mikono ya kubeba magunia bandarini, aliambiwa ashike miguu.

"Waliniambia, wewe shika tu. Hupigi. Wewe shika tu."

Bibi Gannan aliinyoosha mikono yake juu ya shuka, akaitazama. Ilikuwa mikono ya mifupa na mishipa, na kucha alizozikata Euphrasie mwenyewe siku iliyopita.

Siku ya kwanza Okja alilia. Siku ya pili alitapika damu, akaomba maji, wakasema pepo ndiye mwenye kiu. Siku ya tatu asubuhi alimtazama Gannan akamwita kwa lile neno la Kikorea la kumwita mdogo wake mama. Euphrasie aliuliza lina maana gani, na alipoelezwa, alilipata bila kulitafuta, maana kwa Kiswahili lipo: mama mdogo. Mama mdogo, niachie. Hayo tu. Gannan hakumwachia. Kiganja kikashuka tena, na miguu ndani ya mikono yake ikawa mizito kwa namna ambayo mtu aliyewahi kuishika hahitaji kuelezwa.

Nje majirani walikuwa wamejazana kwa sababu ya kelele za siku tatu. Man-sok alimtazama mtoto, akatoka, akapayuka: amepaa. Mwanamke mmoja mwenye mume mgonjwa akapiga magoti matopeni. Jua lilipozama walikuwa watu thelathini. Man-sok na Sunim walitazamana juu ya maiti, na hakuna aliyesema tumemuua; wala mwaka huo, wala miaka ishirini ambayo Gannan aliishi nao akipikia waumini. Ukishasema amepaa, huwezi kuacha kupiga watu, kwa sababu ukiacha itabidi useme ulimfanya nini yule wa kwanza.

"Mimi pia nilisema amepaa," Bibi Gannan alisema. "Walinipa nguo nyeupe." Akageukia ukuta, na Euphrasie safari hii alijua ukuta ule ulikuwa na nini.

Nyumbani alimwambia Mugisho yote. Mugisho alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama.

"Mutu muzee vile anaweza kusema nini ya maana?" alisema. "Amekupasua uso. Ile njo pepo yake, inaogopa ibada ya dimanche."

"Papa Joyeuse, mutoto atakufa."

"Atapona. Na wewe njo ulisema kuwekewa mikono. Ulisema mbele ya batu bote. Sasa ulikuwa unasema uongo?"

Kumwita polisi aliogopa. Kila mama wa Nyarugusu aliyefika hapa amesikia ya watoto waliochukuliwa na serikali na kulelewa na wageni. Siku hizo alimpa Joyeuse vidonge vilivyosalia kwenye mkoba, viwili, na vikaisha. Joyeuse alielewa Kiswahili chote kilichosemwa ndani ya nyumba ile na alijibu kwa Kiingereza, isipokuwa neno moja. Kila asubuhi alimwamkia baba yake shikamoo, kama alivyofundishwa kambini akiwa mdogo, na Mugisho akaitikia marahaba. Jumapili ile pia alimwamkia. Mugisho aliitikia, akamwambia avae nguo nyeupe.

Ukumbini mikeka minane ilikuwa imetandikwa, na baridi ya mwezi wa pili ilipenya chini ya mlango. Watoto walilazwa bila viatu. Baba mmoja mwisho wa kila mkeka. Joyeuse alikuwa wa kwanza, karibu na madhabahu, na Mugisho alikuwa ameshamshika vifundo vya miguu. Han alifungua kijitabu. Ibada ilikuwa na taratibu: kwanza maisha ya waanzilishi, kisha amina, kisha ngoma na mikono.

"Katika mwezi wa pili," Han alisoma, "ndani ya kibanda cha wakimbizi, Baba na Mama wa Pumzi walimlaza binti yao."

Euphrasie aliligeuza kama lilivyo. Mpaka hapo ilikuwa kweli.

"Kwa siku tatu walimwombea kwa mikono ya upendo."

Euphrasie alishusha pumzi. Alikuwa na plasta juu ya jicho. Alitumia Kiswahili chake cha Biblia, kile cha maikrofoni, ili sauti isibadilike.

"Kwa siku tatu walimpiga," alisema. "Kifuani, tumboni na mgongoni. Baba alipochoka, mama alipiga."

Vichwa vikainuka. Han, asiyejua hata jambo la Kiswahili, aliitikia kwa kichwa kwa upole, akaendelea.

"Mtoto hakulia, kwa maana alikuwa akimwona malaika."

"Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika. Aliomba maji, wakamnyima. Alikuwa na kifafa, alikuwa na miaka sita."

"Siku ya tatu akapaa, na pumzi yake ya mwisho ikawa pumzi ya kwanza ya Kanisa. Amina."

"Siku ya tatu akafa. Walimuua wazazi wake, wakaona haya kusema, wakasema amepaa. Ameniambia mtu aliyemshika miguu. Na mimi niliwadanganya. Niliwaambia kuwekewa mikono. Neno lake ni kupigwa. Nilijua tangu siku ya Onesphore, nikawaficha kwa sababu nilipenda kusimama hapa."

Han alingoja amina. Haikuja. Kilichokuja ni Mugisho. Aliinuka, akapita kati ya mikeka, akamzaba Euphrasie kofi lililompasua mdomo na kuirusha maikrofoni chini ya viti, ikalia kama chuma kinachokatwa. Kisha akarudi, akakaa, akaishika tena miguu ya binti yake. Wasaidizi wawili kutoka Saint Paul hawakuelewa lolote isipokuwa kwamba usomaji umekwisha. Ngoma ikaanza.

Kiganja cha kwanza kilitua kifuani kwa Joyeuse. Ulikuwa mlio ule ule. Cha pili kikatua mbavuni, na mtoto akatoa sauti ambayo Euphrasie hakuwa ameisikia tangu kumzaa. Alikimbia. Msaidizi wa pili alimdaka kwa mkono. Akamng'ata hadi akasikia ladha ya damu isiyo yake, akaburutwa, akaanguka hatua mbili kutoka kwenye mkeka. Pale chini Kiswahili cha Biblia kilimwisha.

"Mugisho, angalia mikono yako! Iko wapi mikono yako?"

Kiganja cha tatu. Joyeuse aliinua kichwa, akamtazama baba yake moja kwa moja.

"Papa," alisema, "let go my feet."

Mugisho hajui Kiingereza cha kutosha kununua tairi. Hicho alikielewa. Alitazama mikono yake juu ya vifundo vile vyembamba, na ile hadithi ambayo alikuwa ameikataa kwa siku tano ikampata yote kwa mara moja, kwa kuwa mshika miguu alikuwa yeye. Aliachia. Kisha akamrukia mpigaji, akamgonga ngumi ya uso, na nyingine, na nyingine, akiwa juu yake, mpaka shuka jeupe likawa na madoa, na nadhani angemuua kama Onesphore hangemshika kwa nyuma akilia kwa maumivu ya mbavu zake.

"Inatosha, Papa Joyeuse. Inatosha. Balinivunja mbili," Onesphore aliwaambia watu, akifungua shati mbele ya wote. "Hakukuwa barafu. Nilisema uongo."

Akina mama walikuwa wameshawachukua watoto. Wengine hawakutafuta hata viatu. Han alisimama na kijitabu chake, akimuuliza huyu na yule kwa Kiingereza, huyo mwanamke amewaambia nini, amewaambia nini. Hakuna aliyemgeuzia.

Jumatatu Euphrasie alikwenda kwa Lynette na mdomo uliovimba, akamwambia yote, mpaka ya Mugisho. Lynette alifunga mlango.

"Sasa hii mimi nikishaisikia siwezi kuinyamazia. Lazima ni-report, unaelewa?"

"Ninaelewa. Andika," alisema Euphrasie. "Na ile neno, andika kupigwa."

Dawa ilipatikana siku hiyo hiyo. Polisi walikwenda ukumbini, wakaja na nyumbani pia, na mwanamke wa serikali akaanza kufika kila wiki kumwuliza Joyeuse maswali. Hofu hiyo bado ipo mezani kwao kila wanapokula. Bibi Gannan aliposimuliwa, aliuliza swali moja tu, nani alishika miguu. Euphrasie alimwambia ni baba wa mtoto, naye aliachia. Ajuza akaomba uji.

Mugisho hajasali popote tangu siku hiyo. Asubuhi ya kwanza Joyeuse hakumwamkia. Alikaa kwenye ngazi akivaa buti za shule, na Mugisho akaja, akapiga magoti kwenye theluji iliyoingia mlangoni, akamfunga kamba za buti, akabaki ameishika miguu ile kwa mikono miwili.

"Shikamoo," alimwambia binti yake.

Baba hamwamkii mtoto hivyo, si Nyarugusu, si popote. Joyeuse alijua jibu na hakulitoa. Alichukua begi akaenda kwenye basi. Kesho yake Mugisho alirudia, na keshokutwa, kila asubuhi, magoti chini, na basi likipiga honi nje. Euphrasie aliwatazama kutoka jikoni na hakusema neno, yeye ambaye maisha yake yote amewasemea watu.

Asubuhi ya tisa Joyeuse alikunywa dawa yake, akaketi kwenye ngazi, akanyoosha miguu.

"Shikamoo," alisema Mugisho.

Mtoto alingoja hadi kamba zote mbili zikafungwa.

"Marahaba," alisema, akaondoka.